Mlango unafungukia upande gani? Historia ya gari ya shule mpaka daraja la Lubiriha

Wandugu wasomi, leo sitaongea juu ya kakao wala juu ya mihogo, hata kama njo kazi niliyosomea. Nataka tuongee juu ya mlango wa gari.

Chukua Toyota Hiace moja ya okazio. Ilitengenezwa kwa barabara za Japani. Kule watu wanaendesha kushoto, kwa hiyo volan iko kuume, na mlango mkubwa wa kusukuma, kwa nyingi kati yazo, uko kushoto, upande wa majani. Abiria anashuka mahali pasipo na gari. Hiyo Hiace inateremshwa Mombasa. Kenya wanaendesha kushoto. Inapanda Nairobi, inaingia Uganda, inapita Kampala na Kasese, inafika Mpondwe. Safari yote mlango unaangalia majani.

Kisha inavuka daraja la mto Lubiriha. Bariyera inafunguliwa, duane inalipwa, shofere anahamia kuume kwa kuwa Kongo tunaendesha kuume. Hakuna hata bulo moja iliyobadilishwa ndani ya ile gari. Lakini kuanzia hiyo dakika mlango unaangalia katikati ya barabara. Wiki ijayo itaandikwa jina la shule ubavuni, itajazwa watoto, na kila asubuhi itasimama kando ya barabara ya Beni–Kasindi kuwashusha upande ule ule kamiyo zinapita.

Tumezoea kusema, ajali ikitokea, kwamba shofere alikuwa mlevi, ao mtoto alikuwa mtundu, ao ni mapenzi ya Mungu. Shofere mlevi yuko, sikatai. Lakini historia inaonyesha kitu kingine: mara nyingi hatari ya mtoto ilikuwa imeshatengenezwa zamani, mahali pengine, na watu ambao hata hawakumfikiria. Na pale watoto walipopata usalama, haikuwa juu ya mashofere kuwa watu wazuri. Ilikuwa juu ya watu kukaa chini na kubadilisha gari, barabara na kanuni.

1. Watu wamoja, pande mbili za barabara

Kwanza tujiulize: juu ya nini Mpondwe wanaendesha kushoto na Kasindi kuume, na katikati ni mto mdogo tu?

Jibu ni mpaka wa wakoloni. Uganda ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1894. Kongo ilikuwa mali ya Leopold II tangu 1885, kisha koloni ya Ubelgiji tangu 1908. Mpaka wa upande wetu uliongelewa Brussels mwaka 1910, kati ya Ubelgiji, Uingereza na Ujeremani, na ukapangwa tena kwa mapatano ya 1915. Mababu zetu hawakuulizwa. Wanande wa Beni na Lubero na Wakonzo wa Kasese wanasikilizana luga, wanaoana, wanazikana. Lakini kila mkoloni alileta desturi yake ya barabara: Mwingereza kushoto, Mbelgiji kuume.

Wakati ule haikuwa shida kubwa. Magari yalikuwa machache, na watu walivuka kwa miguu. Shida ilikuja na biashara. Wafanyabiashara wa Butembo walijenga njia yao ya mashariki: mali inatoka Dubai ao Asia, inapita Mombasa, inavuka Uganda, inaingia Kasindi. Njia hiyo njo inayolisha Butembo na Beni mpaka leo. Magari pia yanapita hapo. Na kwa kuwa njia nzima kutoka baharini mpaka Mpondwe ni ya kushoto, gari rahisi kupata ni ya volan kuume. Kinshasa imeshatangaza kukataza gari za namna hiyo, lakini angalia parkingi yoyote ya Butembo uhesabu mwenyewe.

Kwa mtu mzima ni usumbufu tu: shofere hawezi kuona vizuri akitaka kupita kamiyo. Kwa mtoto wa miaka sita anayeshuka, ni jambo la uzima ao kifo.

2. Gari ya shule ilitoka wapi

Wazo la kubeba watoto wa shule pamoja si la juzi. Mwaka 1827 fundi wa magari ya farasi wa London, George Shillibeer, alitengeneza gari kubwa ya kuvutwa na farasi kwa ajili ya shule moja ya wasichana ya Waquaker kule Stoke Newington. Marekani, mwisho wa karne ya 19, vijiji vilitumia magari ya farasi ya mbao. Mlango uliwekwa nyuma, kusudi watoto wakipanda na kushuka wasishtushe farasi. Tazameni hilo: hata wakati wa farasi, mtu alishafikiri mlango ukae wapi.

Motere ilipokuja, mambo yalivurugika. Mwaka 1937 mwalimu wa chuo kikuu aliyeitwa Frank Cyr, wa Teachers College kule New York, alifanya uchunguzi juu ya namna watoto wa vijijini walivyobebwa. Alikuta kila aina ya chombo, kila moja na rangi yake. Sehemu moja watoto walikuwa wanabebwa ndani ya magari ya farasi ya kusombea ngano. Sisi watu wa kilimo tunaelewa haraka: watoto walikuwa wanapandishwa juu ya chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mavuno. Kwetu tunamwona mtoto juu ya kamiyo ya makaa ao ya ndizi, ni jambo lile lile.

Mwezi wa 4 mwaka 1939 Cyr aliita mkutano New York. Walikuja wakubwa wa elimu wa majimbo, na mafundi wa makampuni ya magari na ya rangi. Kwa siku saba walibishana. Walitoka na kanuni 44: urefu wa basi, upana wa njia ya katikati, mambo ya namna hiyo. Kanuni iliyojulikana zaidi ni rangi, ile manjano inayokaribia chungwa. Haikuchaguliwa kwa urembo. Iliwekwa mistari ya rangi nyingi ukutani, wakachagua ile inayoonekana vizuri asubuhi mapema na jioni, na inayosomeka ikiandikwa herufi nyeusi.

Baadaye majimbo yaliongeza jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko rangi: basi ya shule ikisimama na kuwasha taa nyekundu, magari mengine yanasimama pia. Ni kusema, barabara nzima inamngojea mtoto. Wanawafundisha watoto kukaa mbali na basi karibu metre 3 kila upande, kwa kuwa katika ile duara shofere hamwoni mtu mfupi. Na hesabu zao za miaka mingi zinaonyesha kitu ambacho wengi hatukifikirii: watoto wanaogongwa nje ya basi, wakipanda, wakishuka ao wakivuka, ni wengi kuliko wanaofia ndani. Hatari kubwa haiko kwenye kiti. Iko pale mlangoni.

3. Uswidi walianza na milango

Sasa turudi kwa shida yetu ya kushoto na kuume. Kuna nchi zilizogeuka upande. Mfano ninaoupenda ni Uswidi.

Uswidi waliendesha kushoto mpaka tarehe 3/9/1967. Usiku ule, nchi nzima ilihamia kuume. Lakini kabla ya kuhama walijiuliza: mabasi yetu yana milango kushoto, watu watashukia wapi? Wakanunua mabasi mapya zaidi ya 1000 yenye milango kuume. Mabasi ya zamani karibu 8000 yalipelekwa kwa mafundi, yakawekewa milango pande zote mbili. Na miji ya Göteborg na Malmö iliuza mabasi yao ya volan kuume nje, Pakistan na Kenya, mahali wanaendesha kushoto na ule mlango utaangalia majani.

Samoa, kisiwa cha Pasifiki, kilifanya kinyume mwaka 2009: kilitoka kuume kikaenda kushoto, kusudi watu wapate gari za bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Nani walipiga kelele zaidi? Wenye mabasi. Walisema waziwazi: milango ya basi zetu itafungukia katikati ya barabara.

Kumbe hiyo shida ina jina na ina historia. Tofauti ni kwamba Uswidi na Samoa walihamisha barabara, watu wakaona, wakabishana. Sisi tunahamisha gari moja moja, kila siku, juu ya daraja la Lubiriha, na hakuna anayebishana kwa kuwa inaonekana ni gari tu inayopita duane.

4. Majirani walivyojifunza kwa machozi

Msifikiri ni kwetu tu. Tarehe 6/5/2017, kule Karatu, Tanzania ya kaskazini, basi ndogo ya shule ya Lucky Vincent ya Arusha ilianguka bondeni Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na shofere. Walikuwa wanaenda kufanya mtihani wa majaribio na shule nyingine. Watoto watatu walipona, wakapelekwa Marekani kutibiwa. Tarehe 26/7/2022, Mtwara, gari ya shule ya King David ilitumbukia bondeni, ikaua wanafunzi na watu wengine, zaidi ya 10. Mwezi wa 4 mwaka 2024, Arusha tena, gari ya shule ilichukuliwa na maji ya mafuriko.

Mkisoma hizo habari moja moja, ni misiba. Mkizipanga pamoja, mnaona maswali yale yale: gari ilibeba watoto wangapi? Breki zilichunguzwa na nani? Nani alimwambia shofere «hapa usipite»?

Kenya waliandika sheria: gari ya shule iwe ya manjano, iwe na mikanda, na isitembee usiku. Je, kila shule inaifuata? Hapana. Lakini mzazi akiwa na sheria mkononi anaweza kuuliza swali na mkubwa wa shule analazimika kujibu. Sisi tuko na Code de la route ya tarehe 30/8/1978, sheria namba 78-022, ya wakati wa Zaïre. Ilipoandikwa, Kasindi haikuwa mji wa leo, na hizi Hiace hazikuwa zinavuka kila siku.

5. Barabara inabadilika mbele ya macho yetu

Tarehe 16/6/2021 Rais Tshisekedi na Rais Museveni walizindua hapa mpakani kazi ya barabara za kilometre 223: Kasindi–Beni kilometre 80, Beni–Butembo 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma 89. Sote tulifurahi. Mwenye kakao ya Mutwanga anajua maana ya kamiyo kukwama kwa matope siku tatu.

Lakini tufanye hesabu kidogo, hii ni fizikia ya humanités. Kwenye barabara mbaya kamiyo inaenda 40 kwa saa. Shofere akimwona mtoto, sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki: metre 11 zimekwenda. Breki inachukua karibu metre 9 nyingine. Jumla 20. Kwenye gudron nzuri gari ile ile inaenda 80. Sekunde moja ni metre 22, breki ni metre 35 hivi. Jumla 57. Mwendo umezidi mara mbili, mahali pa kusimamia pamezidi karibu mara tatu. Na hapo ni kama barabara ni kavu, breki ni nzima, na gari haikujazwa magunia mpaka juu. Yale mashimo tuliyoyatukana miaka yote njo yaliyokuwa yanawapunguzia mashofere mwendo. Yakiondoka, lazima kitu kingine kichukue nafasi yake: dodani mbele ya shule, kibao, polisi ya rulage.

Tena watoto barabarani wamezidi. Tangu mwaka wa masomo 2019–2020 shule ya msingi ya leta ni bure, na madarasa yamejaa. Wengi wao hawajapanda gari ya shule hata siku moja. Wanatembea kwa miguu, ao wanne juu ya moto moja, mdogo akikaa juu ya tangi mbele ya motari. Gari ya shule kwetu ni ya wazazi wenye uwezo kidogo. Nasema hivyo kusudi mtu asidhani kwamba tukirekebisha mlango tumemaliza. Mtoto anayetembea anapita pale pale gari ya wenzake inaposimama, na kamiyo inayoikwepa inamkuta yeye kando.

Najua mwingine atasema: «Ndugu, watu wanachinjwa, wewe unatuletea mambo ya mlango?» Nalielewa. Tarehe 15/1/2023 bomu lililipuka kanisani hapa Kasindi siku ya Mungu, watu wakiwa kwenye sala. Tarehe 16/6/2023 usiku, wauaji walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha ngambo, Mpondwe. Watu karibu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Hakuna mtu wa hapa aliyesahau.

Lakini angalieni namna mambo mawili yanashikana. Mzazi anayeogopa mtoto atembee peke yake anamweka ndani ya gari, hata gari iliyojaa. Shofere anayeogopa giza njiani anakimbiza kusudi afike mbele ya jua kuzama. Gari zinazotoka pamoja kwenye msafara wa jeshi, zikifunguliwa, kila moja inataka kuwa ya kwanza. Vita haifuti hatari ya barabara, inaiongeza. Na kuna tofauti moja: kuzuia bomu haiko mikononi mwa komite ya wazazi. Mahali gari inasimama asubuhi, hapo iko mikononi mwao.

6. Tunaweza kuanza wapi

Historia bila kazi ni hadithi ya jioni. Haya ni mambo ninayoona yanawezekana bila kungojea Kinshasa.

Gari iingie ndani ya lupango ya shule. Mtoto asishuke barabarani ikiwa kuna uwanja. Hapo mlango wa kushoto hauna tena ubaya. Hii haigharimu franga, inataka direkta aseme tu «kuanzia kesho ni hivi», na mlinzi afungue mlango wa lupango mapema.

Kila gari iwe na konvoyere mtu mzima. Anashuka wa kwanza, anasimama upande wa magari, anahesabu watoto, anapanda wa mwisho. Shofere asiondoke mpaka asikie hesabu imetimia.

Shofere asivuke kwenda kusimama upande wa kushoto «kusudi mlango uelekee majani». Akifanya hivyo anaangaliana uso kwa uso na gari zinazokuja.

Mzazi amngojee mtoto upande ule ule anaposhukia. Mtoto akimwona mama ngambo ya barabara hatazami gari, anatazama mama. Tusimwite kamwe kutoka upande wa pili.

Mlango wenyewe unaweza kuhamishwa. Mafundi wa Butembo wanafanya makubwa kuliko hayo. Lakini iwe kazi ya fundi wa kweli, kwa kuwa ukikata ubavu wa gari ovyo unaipunguzia nguvu. Na shule inayotaka kununua gari iulize kwanza upande wa mlango, kisha bei.

La mwisho ni la mpakani hasa. Mtoto wa Kongo anafundishwa kutazama kushoto kwanza, kwa kuwa gari ya karibu inatoka kushoto. Akivuka daraja kwenda Mpondwe, gari ya karibu inatoka kuume. London waliandika juu ya barabara «tazama kulia» juu ya wageni wanaotoka nchi za kuume. Mtoto wa Kasindi anakuwa mgeni kila anapovuka Lubiriha. Tumfundishe yote mawili, na majina ya yote mawili: kwetu kushoto, kuume, kushoto tena, ngambo kuume, kushoto, kuume tena. Wimbo mdogo wa darasa la kwanza unatosha, na walimu wetu wanajua kutunga.

Wengi kati yetu tuko na diploma na hatuna kazi, na tunalalamika kwamba nchi haitutumii. Hapa kuna kazi. Asubuhi moja, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu, simama mbele ya shule iliyo karibu na kwako. Hesabu gari zinazosimama, andika mlango unafungukia upande gani, andika watoto wangapi wanavuka peke yao. Peleka karatasi kwa direkta na kwa komite ya wazazi, ukiwa na heshima. Frank Cyr alianza na uchunguzi kama huo, miaka miwili mbele ya mkutano wake.